Safu Iliyosahauliwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema na wanachama wenzangu, hasa makarani, juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa ni la walimu peke yao. Mimi nasema ni letu pia. Maana mwalimu huhukumiwa kwa karatasi, na karatasi ile huandikwa na karani.

Jambo lenyewe ni kumpima mwalimu kwa alama za watoto wake. Matokeo ya mtihani wa darasa la saba yatokapo, hupangwa orodha ya shule, zenye alama nyingi juu na zenye alama chache chini. Orodha husomwa mkutanoni, na mara hutoka hukumu: walimu wa juu ni hodari, walimu wa chini ni wavivu. Hapana aulizaye watoto wale walianzia wapi. Karani ameandika safu moja tu, yaani safu ya mwisho. Safu ya kwanza, ambayo ingeonyesha mtoto alikuwa anajua nini siku alipokabidhiwa kwa mwalimu, haimo. Nami nadai katika barua hii kwamba safu ya mwisho bila ya safu ya kwanza si hesabu, wala mtumishi yeyote asihukumiwe kwayo.

Sisi wa Bukoba tuna sababu kubwa kuliko wengine ya kulishika neno hili. Mwezi wa Februari 2009, walimu 19 wa shule tatu za msingi za wilaya yetu walichapwa viboko na askari polisi, kwa amri ya aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Bukoba, Bwana Albert Mnali. Chanzo chake kilikuwa matokeo mabaya ya mtihani katika shule zao. Habari ikaenea hata nchi za mbali, na Rais Jakaya Kikwete akamwondoa Mkuu wa Wilaya huyo katika kazi yake. Watu wengi wakashusha pumzi, wakasema haki imetendeka na mambo yamekwisha.

Mimi sikubali kwamba yalikwisha. Kiboko kiliondolewa, lakini fikira iliyouinua mkono wenye kiboko ilibaki mezani, nayo ni hii: kwamba alama ya mtoto ni kazi ya mwalimu, na mwalimu peke yake. Aiaminiye fikira hiyo, akinyang'anywa fimbo, atatumia uhamisho. Akinyimwa uhamisho, atatumia barua ya karipio, au atamwaibisha mtu mbele ya wenzake kikaoni.

Tazameni tena sababu zilizotajwa siku zile. Ilielezwa kwamba uchunguzi uliona walimu wakichelewa, wengine wakikosa kufika kazini, na wengine wasifundishe kama mtaala unavyotaka. Haya yakiwa kweli, ni makosa ya mtumishi, na kila kosa lina kitabu chake. Kuchelewa kumo katika kitabu cha mahudhurio. Kutofundisha kunaonekana katika azimio la kazi, katika andalio la somo, na katika madaftari ya watoto yasiyosahihishwa. Mwenye kosa huitwa mbele ya mamlaka yake ya nidhamu, akasomewa shtaka lake, naye akajibu. Lakini mtihani hauwezi kumtenga aliyechelewa na aliyewahi. Alama ya shule humwangukia aliyefika kila siku saa moja asubuhi sawasawa na aliyelala nyumbani. Basi hukumu gani hiyo isiyojua mkosaji ni nani?

Mhaya yeyote ajua tofauti ya kibanja na rweya. Kibanja ni shamba la nyumbani, lenye migomba na mibuni, lililotiwa samadi na majani tangu enzi za mababu. Rweya ni uwanda wa nyasi, ardhi hafifu. Mpe mtu mmoja kibanja cha baba yake, mpe mwenzake kipande cha rweya, kisha baada ya miaka michache uje upime mikungu ya ndizi. Ukisema kwamba wa kibanja ni mkulima hodari na wa rweya ni mvivu, wazee watakucheka. Watakuuliza: huyu wa rweya aliikuta ardhi namna gani, naye ameifikisha wapi? Pengine yeye ndiye aliyetoka jasho zaidi.

Wala watoto hawaji shuleni kutoka ardhi moja. Mtoto wa mjini Bukoba ambaye baba yake ni mtumishi huanza darasa la kwanza akiwa amekwisha kuona vitabu nyumbani na kusikia Kiswahili kila siku. Mwenzake wa kijijini husikia Kihaya tu mpaka siku anapoingia darasani. Kule Muleba viko visiwa vya ziwani, kama Goziba, Ikuza na Bumbire, ambako riziki ni uvuvi na watu huhama kwa kufuata samaki. Mwalimu wa huko aweza kuanza mwaka na watoto hawa akaumaliza na wengine. Tena Muleba ni wilaya ambayo malaria imekuwa kali hata wataalamu wakaichagua kujaribia vyandarua vya dawa vya namna mpya, na matokeo ya majaribio yao yakachapishwa mwaka 2018. Mtoto aliyetetemeka kwa homa wiki ya mtihani, alama yake ni kipimo cha nani?

Liko na jambo zito kuliko hayo. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania waligunduliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983, na msiba ule ukatuachia mayatima wengi. Tangu mwaka 1991 wachunguzi walizitembelea kaya zaidi ya 900 za mkoa huu, wakawarudia watu wale wale hata baada ya miaka kupita kumi. Waliona kwamba mtoto aliyefiwa na mama yake alipoteza kwa wastani kama mwaka mmoja mzima wa masomo, na hata kimo chake kilipungua kama sentimita mbili. Mwalimu aliyewapokea mayatima kumi katika darasa lake alipokea miaka kumi ya masomo iliyokwisha kupotea kabla yeye hajashika chaki. Katika orodha yetu miaka hiyo imeandikwa kuwa ni deni lake.

Kumbukeni na tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 lilipotupiga. Nyumba nyingi zilianguka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa kwa muda. Mwaka huo huo elimu bila ada ilikuwa imeanza katika nchi nzima, na madarasa ya kwanza yakafurika watoto. Nao wakafika darasa la saba mwaka 2022. Mwenye kuzisoma alama za miaka hiyo bila ya kuyajua haya asema juu ya walimu mambo asiyoyajua.

Sasa niseme juu ya madhara, maana alama ikigeuzwa kuwa fimbo haimdhuru mwalimu tu. Humdhuru mtoto na kuiharibu hesabu yenyewe. Waingereza walilijaribu jambo hili zamani kwao. Mwaka 1862, chini ya uongozi wa Bwana Robert Lowe, Serikali yao iliweka kanuni kwamba fedha za shule zitolewe kwa kadiri ya watoto waliofaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Matokeo yake ni kwamba watoto walikaririshwa kitabu cha kusomea mpaka wakaweza kukitamka bila ya kukielewa, na masomo yasiyolipiwa yakaachwa. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa mkaguzi wa shule, aliipinga kanuni hiyo kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1890 wakaiacha. Walihitaji miaka thelathini kujifunza; sisi hatuna sababu ya kurudia somo lile tangu mwanzo.

Na kwetu je? Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, kabla hayajapangwa upya, watahiniwa kama 6 katika kila 10 walipata daraja la sifuri. Mwaka 2013 Serikali ikaanzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikatangazwa kwa nafasi zake, ya kwanza hata ya mwisho. Wachunguzi walioupima mpango huo kwa shule za msingi waliona mambo mawili. La kwanza, shule zilizokuwa za mwisho katika wilaya zao zilipandisha alama. Hili ni kweli, wala silifichi. La pili, idadi ya watoto wa darasa la saba ilipungua katika shule hizo, kwa sababu waliodhaniwa kuwa watashindwa waliachwa nje ya darasa la mtihani.

Ndugu makarani, ninyi mwaijua hesabu hiyo. Shule ina watoto 40, wamefaulu 20. Ni 50 katika 100. Waondoe 10 walio dhaifu, wabaki 30, na waliofaulu wawe wale wale 20; sasa ni karibu 67 katika 100. Hapana mtoto hata mmoja aliyejifunza herufi moja zaidi. Shule imepanda, mwalimu mkuu amepongezwa, na watoto 10 wako ziwani au shambani bila ya cheti na bila ya jina katika karatasi yoyote. Na karatasi ile ameipiga chapa karani, akaona kuwa jumla zake zote ni sahihi.

Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha mwaka 2023 kutangaza shule bora na watahiniwa bora, nami nalishukuru. Lakini alama za kila shule zingali zikitolewa, na mtu yeyote mwenye kalamu aweza kuzipanga atakavyo. Fikira haifi kwa sababu tangazo limenyamaza.

Atasimama mtu aseme: "Basi wewe wataka mwalimu asipimwe, ale mshahara huku watoto hawajui kusoma." La hasha. Mzazi wa Kamachumu au wa Kemondo ampelekaye mtoto wake shuleni miaka saba, naye akarudi hawezi kusoma barua, amedhulumiwa. Na ikiwa mwalimu ndiye aliyemdhulumu, na ajulikane. Mimi sitetei uvivu. Nasema kipimo kiwe cha haki, na cha haki ni kile kiangaliacho mwendo wa mtoto: alikuwa wapi alipoanza, naye amefika wapi. Mwalimu aliyempokea mtoto asiyejua kusoma neno akamfikisha kusoma hadithi fupi amefanya kazi kubwa kuliko aliyempokea msomaji akamwacha pale pale alipomkuta, hata kama alama ya huyu wa pili ni kubwa.

Hata hivyo sitawadanganya kwamba kipimo cha mwendo ni dawa isiyo na uchungu. Huko Marekani walikifanya kuwa kanuni ya hesabu ngumu, wakawapandisha na kuwashusha walimu kwayo. Mwaka 2014 Chama cha Wanatakwimu cha nchi hiyo kiliwaonya watu: uchunguzi mwingi uliofanywa waonyesha kwamba katika tofauti zote za alama za watoto, sehemu itokayo kwa mwalimu ni kati ya 1 na 14 katika kila 100. Mwaka 2017, katika mji wa Houston, jaji aliona kwamba walimu hawakuwa na njia ya kuhakikisha kama hesabu iliyowahukumu ilikuwa sahihi, kwa sababu kanuni yake ilikuwa siri ya kampuni. Sisi makarani twaijua sheria hii tangu siku ya kwanza ya kazi: hesabu isiyoweza kukaguliwa si hesabu.

Nchini kwetu pia ushahidi upo, nao umefika karibu na mlango wetu. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza lilifanya jaribio katika shule 350 za wilaya kumi, na Karagwe, jirani yetu, ilikuwa mojawapo. Shule nyingine zilipewa fedha za vifaa tu. Nyingine walimu wake waliahidiwa bahshishi kwa kila mtoto atakayefaulu. Nyingine zilipewa yote mawili. Baada ya miaka miwili, fedha za vifaa peke yake hazikupandisha elimu ya watoto. Bahshishi peke yake ilileta matokeo yasiyo thabiti. Bali zilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi kwa kuonekana wazi. Maana yake ni nini? Ni kwamba kumdai mwalimu bila ya kumpa nyenzo ni kazi bure, na kumpa nyenzo bila ya kumwangalia vile vile. Wenye kudai matokeo nao wanadaiwa.

Jaribio la pili, la mwaka 2015 na 2016, lilipambanisha njia mbili. Njia moja ilimlipa mwalimu kwa kila hatua rahisi ya kusoma au kuhesabu ambayo mtoto aliifikia. Ya pili iliwalinganisha watoto walioanza sawa, ikamlipa kwa jinsi wake walivyowapita wenzao. Ya pili ndiyo iliyosifiwa na wataalamu kwa haki yake, lakini ya kwanza haikushindwa nayo, maana mwalimu hufanya kazi vema kwa kipimo akielewacho. Hilo nalo tulishike.

Wakati wa kusema ni huu. Mfumo wa OPRAS, uliotupima tangu mwaka 2004, umeondoka, na PEPMIS imeshika mahali pake. Kila mtumishi, mwalimu naye, huandika kazi zake na kupimwa kwazo. Basi kabla haijazoeleka kuandika humo kwamba lengo la mwalimu ni asilimia fulani ya kufaulu, sisi tunaoshughulika na majedwali tuseme neno letu. Nami napendekeza mambo manne.

La kwanza, pasitolewe orodha yoyote ya shule bila ya safu mbili. Safu ya kwanza haihitaji mtihani mpya wala gharama: watoto hufanya upimaji wa taifa wa darasa la nne, na kila mtoto ana namba ya PReM imfuatayo. Mchukue mtoto yule yule, uandike alama yake ya darasa la nne na ya darasa la saba, na mwendo wake utaonekana. Na kwa kuwa mitihani hiyo miwili si sawa, mlinganishe na watoto wengine walioanza alipoanza yeye.

La pili, iwepo safu ya waliopotea. Kila aliyepimwa darasa la nne ambaye hakufika kwenye mtihani wa darasa la saba aandikwe, na sababu yake: amehama, amefariki, au ameachwa nje. Shule isipate sifa kwa kumfuta mtoto.

La tatu, alama za mwaka mmoja zisitumike kumwadhibu mtu. Shule ndogo yenye watoto 25 hupanda na kushuka kwa homa ya watoto watatu tu. Zitazamwe za miaka mitatu pamoja, na zitumike kwanza kuuliza ni wapi pa kupeleka vitabu, walimu na madawati. Mthibiti ubora wa shule na aende mahali penye mwendo mdogo akaangalie kwa macho yake, kabla hakimu hajakaa.

La nne, makosa ya mtumishi yahukumiwe kwa vitabu vya utumishi, si kwa mtihani wa mtoto. Mchelewaji aulizwe juu ya kuchelewa kwake, naye apewe nafasi ya kujibu. Tume ya Utumishi wa Walimu imekuwapo tangu mwaka 2016 kwa kazi kama hiyo.

Huenda karani mwingine akasema, "Mimi naandika tu niliyoamriwa." Ndugu yangu, hata mimi nimewahi kupiga chapa orodha kama hiyo, nikaipeleka nikiwa nimeridhika kwamba sikukosea tarakimu. Siku chache baadaye nilimwona mwalimu mmoja mzee amesimama mbele ya ubao wa matangazo akiitazama. Hakusema neno. Alitafuta jina la shule yake kuanzia chini, kama ajuaye mahali litakapokuwa, akaliona, akaenda zake. Nilijua shule yake ni ya mahali gani, na watoto wake hutoka nyumba gani. Karatasi yangu haikulijua hilo, na mimi niliyelijua sikuliandika.

Chama cha watumishi Waafrika kilichoundwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wake, kilijengwa na watu wa kalamu waliojua kwamba dharau atendewayo mtumishi mmoja itawafikia wote. Mkono mmoja haulei mwana. Wala haupasi mkono mmoja kuchapwa kwa malezi ya wote. Basi naomba mkutano wetu ujao uyazungumze haya manne, na katibu ayapeleke kwa wahusika kwa maandishi. Na kabla ya hapo, kila karani atakayeletewa safu moja na kuamriwa aipange, aulize kwa adabu: "Bwana, safu ya kwanza iko wapi?"

Nakoma hapa.

Mimi wenu katika utumishi,
KARANI MWENZENU
Bukoba